Taa Niliyoipaka Mafuta

Najua mnaniita Mama Taa. Hamniiti mbele yangu, mnangoja nigeuke niingie jikoni ya kanisa, halafu nasikia mmoja ananong'ona na mwingine anaziba mdomo na leso. Mimi masikio yangu bado ni mazima. Na kwa vile kila mtu anaisimulia hii habari vile anataka, na kila ikisimuliwa inaongezwa mbwa (juzi nimesikia walikuwa kumi na wawili, ukweli walikuwa watatu), nimeona niiandike mwenyewe, kwa mkono wangu, hata kama shule niliiacha darasa la nne. Nataka mjue aibu yenyewe iko wapi, kwa sababu pale mnapochekea sipo panaponiuma.

Mimi na Mama Naserian tumetoka mbali. Nilipokuja Kitengela na Njoroge wangu mgongoni, kuuza sukuma wiki kando ya barabara, swara walikuwa bado wanapita nyuma ya nyumba na yeye alikuwa anauza maziwa hatua kumi kutoka kwangu. Yeye Mmaasai wa upande wa Kajiado, mimi Mkikuyu, hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, tukashikana na hiki Kiswahili chetu cha kuokota mpaka leo. Mume wangu alipokufa, Mama Naserian alikaa kwangu siku tisa. Hakunipa maneno mengi ya kunifariji, alikuwa tu anaamka kabla yangu na kuwasha moto, nikitoka napata maji yako moto, na mimi hicho kitu sijawahi kukisahau.

Sasa macho yake yakaanza kwenda. Presha ya macho, daktari alisema. La kushoto lilienda kabisa mwaka jana, la kulia likabaki linaona katikati tu. "Ni kama kuchungulia kwa tundu la kufuli," aliniambia. Daktari akampangia kupasuliwa, lakini alikuwa mtu mkweli, akamwambia hawezi kumwahidi kwamba jicho litabaki.

Siku moja tuko kwangu tunachambua maharagwe (yeye anachambua kwa vidole, mawe anayapata kunishinda), akasema bila kuinua kichwa, "Mama Njoroge, kabla hawajaligusa hili jicho niko na kitu kimoja nataka kuona."

"Kitu gani?"

"Jua likitoka pale juu ya kilima chetu. Pale nilikuwa nachunga ndama nikiwa msichana. Likitoka pale halitoki kama huku, linatoka kubwa na jekundu, unaliangalia na halikuumizi. Nikiliona hilo, hata wakifunga duka ni sawa."

Nikamwambia utaliona, nitakupeleka mwenyewe. Ndivyo nilisema, na kuna watu walikuwa wamekaa pale, ni mashahidi.

Mnajua sisi akina mama wa kanisa tunatembea kila Jumamosi kwa sababu ya sukari na magoti, na Mwalimu Pauline, yule aliyestaafu, ndiye anatuongoza. Nikampelekea hiyo maneno na akakubali mara moja. Akasema tutapanda usiku, tufike juu kabla ya mapambazuko, tuombe na kumwombea Mama Naserian, tushuke kabla jua halijaanza kuchoma. Halafu akatuambia kila mtu ajitafutie taa ya kufunga kichwani, ile ya kuchaji, kwa sababu ukishika tochi mkononi umebaki na mkono mmoja, na mwanamke wa umri wetu akianguka anahitaji yote miwili.

Nikaenda dukani na mke wa Njoroge, Nafula. Huyu Nafula ni mtoto wa watu wa magharibi ya nchi, anafanya kazi ya ofisi, anajua vitu vya stima na simu, na mimi nakubali leo kwamba kila neno alilosema siku hiyo lilikuwa la ukweli, na labda ndiyo sababu sikulisikia. Msichana wa duka akatutolea taa tatu. Ya kwanza ilikuwa ndogo kama kifuniko cha chupa ya soda, nyepesi, iko na mwanga mweupe wa kupunguza na kuongeza na mwingine mwekundu. Ya pili ilikuwa ya katikati. Ya tatu, hiyo sasa ilikuwa taa! Jicho lake kubwa kama la ng'ombe, na huko nyuma kuna kisanduku cha betri kinachokaa kisogoni.

Nafula akasema, "Mama, chukua hii ndogo. Kwa njia ya miguu huhitaji kumulika mbali, unahitaji kuona pale unakanyaga, na ikae mpaka asubuhi."

"Na hii nyekundu ni ya nini? Ya baa?"

Msichana wa duka akacheka. "Hapana, shosho. Nyekundu haipofushi macho. Ukizima unaona giza vizuri, na ukimwangalia mwenzako humchomi."

"Na hii kubwa?"

"Hiyo inaenda mbali sana, lakini ukiiwasha yote haikai hata masaa mawili. Hii ndogo ndiyo ya kukesha na wewe."

Nikamwambia nimekuja kununua mwanga, sijakuja kununua wa kukesha na mimi. Nikachukua kubwa. Mimi nililelewa kujua kitu kwa uzito wake, sufuria nzito, blanketi nzito, jembe zito, kitu chepesi ni cha kudanganya watoto. Nafula akaangalia juu, vile huangalia nikimwambia chapati zake ni ngumu.

Sasa hapa ndipo jambo dogo liliingia, na nawaambia lilikuwa dogo kweli. Kwangu hakuna kitu kipya kinatumika kabla hakijaombewa na kupakwa mafuta. Mnanijua. Jiko la gesi nililipaka, pikipiki ya Njoroge niliipaka mpaka kwa tairi, hata kochi. Kwa hivyo jioni hiyo nikaweka taa mezani, nikachukua chupa yangu ya mafuta ya zeituni, nikaomba, nikapaka kamba, nikapaka kioo, na nilipofika kwa kile kisanduku nikaona kuna kifuniko cha mpira, nikakifungua, ndani kuna katundu kadogo. Nikafikiria, nguvu ya hii kitu inaingilia hapa, sasa nikipaka nje nikaacha ndani nitakuwa nimebariki nini? Nikamimina matone matatu ndani ya hako katundu. Ya Baba, na ya Mwana, na ya Roho Mtakatifu.

Halafu nikaichomeka kwa chaja. Msichana wa duka alikuwa ameniambia ikiwa inachaji kuna kataa kekundu, ikijaa kanazimika. Kale kekundu kakawaka, nikahesabu labda mpaka tano, kakazimika. Nikasema asante Yesu, imejaa. Haki nilisema hivyo, kwa sauti. Wengine wanachaji usiku mzima, yangu imejaa kabla sijakaa chini, na mimi nikaona huo ni ushuhuda wa kutoa kanisani.

Nafula alipokuja kutoka kazini akaishika, akanusa vidole vyake. "Mama, hii imelowa nini?"

"Haijalowa. Imebarikiwa."

"Kwa tundu ya chaja?" Akainama kuangalia, akafuta na kona ya kitambaa. "Hii haijachaji, Mama. Iko tu na ile moto kidogo ilitoka nayo dukani. Tafadhali, beba yangu kwa mfuko, hata kama hutaitumia." Akaniwekea taa yake ndogo mezani, karibu na kikapu changu.

Mnafikiri niliibeba? Niliondoka nikaiacha pale pale, nikaifunika na gazeti ili nisiione. Kwa sababu nikiibeba nimesema huyu msichana anajua kunishinda, na mimi niliona afadhali nianguke.

Gari la kanisa lilituacha saa tisa usiku kwa kituo kidogo cha maduka, upande ule wa Kajiado, yote yamefungwa, baridi ya kukata masikio. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja. Mpango ulikuwa Mwalimu Pauline atangulie, na Mama Naserian awe kando yake amshike mkono, kwa sababu ni kwao, na Pauline alimuuliza vizuri mbele ya kila mtu, akamjibu, "Tunakiweka kilima mkono wa kulia. Tutavuka mchanga wa korongo mara moja. Tukifika kwa korongo la pili hatuvuki, tunalifuata kupanda. Miguu yangu inaijua hii njia, nyinyi mnishike tu nisijikwae."

Hapo nikawasha.

Wee! Hata mimi nilishtuka. Usiku wote ukawa mweupe, mawe, miiba, macho ya paka wa mtu huko mbali. Akina mama wakapiga vigelegele. Na mimi badala ya kuogopa nikafura. Nikaanza kuwasalimia mmoja mmoja, na mimi nikimsalimia mtu namwangalia usoni, ndivyo mama yangu alinifunza, kwa hivyo kila niliyemshika mkono nilimmulika katikati ya macho na ile kitu yote.

"Mama Njoroge, unanichoma!" mmoja akalia.

"Nikikusalimia niangalie wapi, miguu yako?"

Wakacheka. Nikawaambia zimeni hizo zenu, msimalize moto, hii inatutosha sote. Wakazima. Nikamwambia Mwalimu Pauline arudi nyuma awasukume wanaochelewa, mimi nitatangulia, kwa sababu mwenye mwanga ndiye anakaa mbele. Pauline akaniangalia (akafunga macho haraka), akasema, "Sawa, lakini msikilize Mama Naserian." Nikasema nimemsikiliza miaka yote hii, nitashindwa leo?

Tukaenda. Taa yenyewe ilikuwa nzito, na mimi nilikuwa nimeifunga juu ya kitambaa changu cheupe cha kanisa, kile nakipiga pasi na wanga, kwa hivyo ilikuwa inateleza inakuja kwa nyusi, naisukuma, inateleza tena, nikawa natembea nimeishika na mkono kama mtu anaumwa na kichwa. Lakini hiyo ni ya kuchekesha. Nitawaambia ambayo si ya kuchekesha.

Mama Naserian alikuwa nyuma yangu, ameshika kamba ya kikapu changu. Na mimi kwa kumpenda, kila hatua chache nageuka kumuuliza, "Uko sawa?" Nikigeuka, ule mwanga wote unamwingia kwa lile jicho moja. Anainua mkono, anasema, "Niko sawa, angalia mbele." Natembea kidogo, nageuka, "Uko sawa?" Nafikiri niligeuka mara thelathini. Lile jicho ambalo nilikuwa nimempeleka akalitumie, mimi ndiye nililipiga njia nzima, na kila mara nikifikiri namtunza.

Tukavuka mchanga wa kwanza. Baada ya muda akasema, "Mama Njoroge, zima kidogo."

"Nizime ili tuanguke?"

"Zima tuone kilima. Hiyo taa inatuonyesha mawe tu. Kilima kinaonekana gizani, kiko mbele ya nyota."

Nikamwambia kilima hakijahama, twende. Tukashuka mahali kuna mchanga tena, nikawa navuka, akavuta kamba ya kikapu. "Hili ni la pili. Hatuvuki." Nikasema hilo si korongo, ni mtaro tu wa maji. Akasema, "Ni korongo. Nasikia mchanga kwa kiatu." Nikasema, na nakumbuka maneno yangu kama nilivyoyasema, "Mama Naserian, wewe huoni, mimi ndiye ninaona."

Akavuka nyuma yangu.

Haikupita muda mrefu taa ikabadilika rangi, ikawa ya njano kama chai iliyokosa majani. Nikaipiga na kiganja. Ikawaka na kuzima mara tatu, ikafa. Na hilo giza lililotuingia silijui mfano, kwa sababu macho yetu yote yalikuwa yamelewa ule mweupe, hakuna aliyeona hata kidole chake. Nikasikia Pauline huko nyuma anauliza tuko wapi. Hapo ningesema nimepotea. Neno moja. Badala yake nikasema tuko karibu, naijua njia, msihangaike kuwasha zenu, nikaendelea kwa kupapasa, na mbele yangu kukawa na matawi, nikafikiri ni kichaka, nikalisukuma tawi moja na mkono, nikapita, nikaliachilia.

Lilikuwa tawi la miiba, na likarudi kwa nguvu likampiga Mama Naserian usoni.

Alilia mara moja tu, kidogo. Nikageuka kumshika, mguu ukateleza, na mimi mzima, na kikapu, na thermosi ya chai, nikaingia kwa ua la boma ya mtu. Mbwa wakaamka. Mbuzi wakapata pale nilipovunja wakatoka kama maji ya bomba, wakitupita miguuni, akina mama wanapiga kelele, mmoja anaita Yesu, mwingine anaita mama yake, kitambaa changu kimeshikwa na miiba na mimi niko chini yake nimeshikwa na kitambaa. Wanaume wakatoka na rungu na tochi. Huko kumekuwa na wizi wa mifugo, kwa hivyo hawakutoka kutusalimia.

"Ni kina nani hao?"

"Ni watu wa kanisa!" nikasema kutoka chini.

"Kanisa gani linaingia zizini saa kumi na moja?"

Hapo ndipo mnachekea, na mimi nawapa ruhusa, chekeni. Lakini subirini. Mama Naserian, mkono mmoja umefunika uso, akaita kwa Kimaasai, akataja jina la baba yake. Rungu zikashuka. Mzee mwenye boma akaja na shuka lake, akamulika, akaangalia sana, akamsalimia kwa lugha yao, "Takwenya," naye akamjibu, "Iko." Halafu mzee akaongeza kwa Kiswahili, nafikiri ili sisi wote tusikie, "Mtoto wa hapa. Umezaliwa nyuma ya hiki kilima. Unapotea kwenu, unaleta wageni wavunje ua la watu?"

Wale wanaume wakacheka. Mmoja akasema siku hizi ni mtu wa Kitengela, ameshasahau kwao.

Mama Naserian akainamisha kichwa. Akasema, "Nisamehe, baba." Basi. Hakusema sio mimi. Hakusema nilimwambia asivuke. Na mimi nilikuwa pale chini, nimesikia yote, mdomo ninao, na nikanyamaza. Akina mama wote walijua, na kwa sababu mimi ni mkubwa wao wakangoja niseme, nami nikajifanya natoa miiba kwa mkono.

Tukaanza kutafuta mbuzi. Mzee alikuwa mkali lakini si mbaya, akatutolea maji na kitambaa safi kwa ajili ya lile jicho. Mwiba haukuwa umeingia ndani, ulikuwa umekwaruza kope, lakini ilikuwa imefura, imefunga kabisa. Tukamkalisha kwa jiwe mlangoni pa boma, amefunika jicho na kitambaa cha maji, na mimi nikakaa kando yake kwa sababu sikuwa na pahali pengine pa kwenda.

Kukaanza kupambazuka. Na jua likatoka. Huko chini tulikokuwa lilionekana kando ya kilima, kubwa na jekundu vile alivyosema, unaliangalia na halikuumizi. Akina mama waliokuwa wanafukuza mbuzi wakasimama. Hata wale wanaume walisimama. Kila mtu pale aliliona, isipokuwa mmoja.

Akaniuliza polepole, "Limetoka?"

Nikaangalia lile jua. Nikasema, "Hapana. Leo ni mawingu. Hakuna kitu."

"Mawingu," akasema.

"Mawingu tu."

Sijawahi kulia mbele ya watu tangu nizike mume wangu, lakini pale nililia, na nikageuza uso, nikasahau kwamba hakuna haja ya kugeuza.

Daktari alipomwona hiyo wiki, akalifunga jicho na bandeji, akasema halifunguliwi mpaka siku ya kupasua. Wakampasua. Walipolifungua, Mama Naserian akasema anaona kama mtu amesimama mbele ya dirisha. Wiki iliyofuata dirisha likaenda pia.

Nilikuwa nikienda kwake kila siku nikipeleka hiki na kile, uji, ndizi za kuiva, na nikifika naongea bila kupumua kwa sababu naogopa akinyamaza nitasema. Nafula ndiye aliyeniona. Hakuniambia "si nilikwambia?", na alikuwa na haki ya kusema. Aliniambia tu, "Mama, unarudi kutoka huko ukiwa mgonjwa kuliko mgonjwa. Mwambie lile unalo."

Nikamwambia. Tuko wawili kwa mlango wake, mchana. Nikasema, "Mama Naserian, siku ile hakukuwa na mawingu. Jua lilitoka. Nilikudanganya."

Akawa anazungusha ushanga wa mkono. Halafu akasema, "Najua. Lilinipiga hapa," akagusa shavu. "Mawingu hayana joto."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unalia. Nikaona unalo lako la kubeba." Akazungusha tena ule ushanga. "Hilo la jua nimelimaliza, Mama Njoroge. Nililiona nikiwa msichana, bado ninalo. Hilo lingine ndilo sijamaliza. Yule mzee na watu wake wanasema nilipotea kwetu. Ndugu zangu wamesikia. Watoto wa ndugu zangu wamesikia. Macho yanaenda, ni sawa, ni ya Mungu. Lakini miguu yangu haikupotea."

Miezi miwili nilikuwa nabeba dhambi ya jua, na kumbe kile nilichomnyang'anya nilimnyang'anya nikiwa nimekaa kimya kwa miiba.

Tukaenda naye, mchana, siku ya Alhamisi. Tulipofika bomani wanaume walikuwa wamekaa, nikaomba kusimama. Nikasema, "Wazee, mimi ndiye nilivunja ua lenu. Huyu mama aliniambia kilima kiko wapi, nikakataa kuangalia. Aliniambia tusivuke korongo la pili, nikamwambia yeye haoni. Hakupotea. Alipotezwa, na aliyempoteza ni mimi, na mlipomcheka nilinyamaza."

Hakuna aliyecheka. Mzee alichora kitu kwa mchanga na fimbo yake, kisha akamwambia Mama Naserian maneno kwa lugha yao, marefu. Sikuyaelewa na sikuuliza. Naye alijibu kwa neno moja, na mgongo wake, ambao ulikuwa umeinama tangu siku ile, nikauona umenyooka.

Tulipotoka nilimpa mkono nimwongoze, kama ninavyofanya mjini. Hakuuchukua. Alisimama, akasikiliza kidogo na viatu vyake, akashika njia. Nikamfuata nyuma. Alipokunja kulia nilikunja kulia, na tulipofika kwa mchanga alisimama, akasema, "Hili ni la pili," na mimi nikasema ndiyo.

Basi, ndiyo hiyo aibu yangu. Niiteni Mama Taa mkitaka, hata mbele yangu, sitakasirika. Taa za kichwani bado naona ni kitu kizuri, chukueni ile ndogo na muichaji usiku mzima. Lakini mimi, kwa njia ya nyumbani kwa mtu, hata awe kipofu, hata niwe na mwanga wa kumulika mpaka Namanga, sitatangulia tena.